Ajali Huanzia Kileleni

Msafiri atokaye Mbeya mjini kwenda Tunduma hupita Iyunga, kisha hufika Iwambi, ambako barabara huinama kuteremkia Mbalizi. Kila mkazi wa hapa anaujua mteremko huo, na wengi wanaujua kwa msiba. Mwezi Juni 2025 lori lililoshindwa kusimama liligonga magari mengine, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Maelezo yalikuwa yale yale tuliyokwisha kuyazoea: breki zilikataa.

Sisi hatumhukumu dereva yeyote. Hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini hatuna budi kuuliza: kwa nini breki hukataa? Dereva anayeteremka na shehena nzito katika gia kubwa, au anayeitoa gia kabisa ili abane dizeli, amezitwika breki peke yake kazi ambayo injini ilipaswa kuisaidia. Breki hupata moto, na zikishapata moto hazishiki. Anapozikanyaga kwa hofu kule chini, jambo limekwisha kuamuliwa kule juu. Dereva mwenye busara hupunguza gia angali kileleni.

Mwendo nao una hesabu yake isiyojua huruma. Ukiongezeka mara mbili, kishindo cha mgongano huongezeka mara nne. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. Liendalo kilomita 80 hupita mita 22. Hizo ni mita zinazokwisha kabla mguu haujagusa breki. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi. Iyunga ni makazi. Hapa wapo wanafunzi wanaovuka barabara, akina mama wenye matenga ya ndizi, na vijana wa bodaboda wanaotafuta riziki.

Ni kweli kwamba barabara hii ilizaliwa katika haraka. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, nchi yetu ilibeba mafuta ya Zambia kwa malori, katika njia ya vumbi na matope iliyopewa jina la njia ya jehanamu. Madereva wale walikimbizana na wakati ili kumnusuru jirani. Haraka ya leo ni ya nini? Mara nyingi ni ya mwenye gari anayehesabu safari bila kuhesabu saa za usingizi wa dereva wake. Tajiri wa namna hiyo hashiki usukani, lakini ni mshiriki katika kosa.

Wapo wanaosema ajali ni kudra ya Mungu. Sisi tuliofundishwa chuoni tungali watoto tunakumbuka mafunzo tofauti: mfunge ngamia wako kwanza, ndipo umtegemee Mola. Kumsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wetu si uchaji, ni utovu wa adabu.

Serikali imeanza kazi ya kupanua barabara kati ya Nsalaga na Ifisi, nasi tunaipongeza. Hata hivyo barabara pana haimfundishi mtu subira. Dereva asiyejitawala ataiona kuwa ruhusa ya kukimbia zaidi. Kwa hiyo askari wa usalama barabarani wakague magari kabla ya mteremko, wala wasikubali kuzibwa macho kwa noti. Wenye magari wawape madereva muda wa kupumzika. Na abiria waache kumshangilia dereva anayeyapita mengine kwenye kona, wamwambie wazi, "Ndugu, punguza mwendo."

Anayechelewa kufika Mbalizi kwa dakika kumi atasamehewa na wanaomngoja. Asiyefika kabisa huwaachia matanga.