Figo ya ndugu kwa mnywaji wa kanyanga

Mjini Goma swali hili huulizwa nyumbani kabla ya kufika hospitalini. Mafigo ya mtu yakishakufa, na munganga akieleza kwamba mashine ya kusafisha damu itamshikilia tu, familia huitana kikao. Kundi la damu halijapimwa bado, lakini tayari mjomba mmoja ameshauliza: huyu si ndiye aliyekuwa akishinda kwenye kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kule Birere? Na mdogo wa mgonjwa, ambaye kila mtu anamtazama, anajibu taratibu: "Yaya, figo yangu siwezi itia mu kanyanga."

Kikao hicho ndicho orodha ya kusubiri tuliyo nayo. Goma hakuna hospitali inayopandikiza figo. Mwenye uwezo huvuka mpaka. King Faisal ya Kigali ilianza kupandikiza Mei 2023, Mulago ya Kampala ikafuata Desemba mwaka huohuo, na Muhimbili ya Dar es Salaam ilikuwa imeshatangulia tangu Novemba 2017. Kote huko mgonjwa huja na mtu wake wa kumpa figo, mzima wa afya, mara nyingi ndugu wa damu. Watu wa Ulaya na Marekani wamezoea kugombana juu ya viungo vya marehemu, ambavyo ni mali ya wote: ukimpa mmoja, mwingine atakufa akisubiri. Figo ya ndugu haimo kwenye foleni hiyo. Akinyimwa mraibu, haiendi kwa mtu mwingine yeyote. Inabaki tumboni mwa mwenyewe. Kwa hiyo hoja ya kwanza kabisa inayotolewa dhidi ya mtumiaji wa dawa za kulevya, kwamba anawapunja wenziwe, kwetu haina pa kusimama.

Inabaki hoja ya pili, kwamba figo itaharibika bure. Hiyo ni ya kisayansi na inastahili kujibiwa kisayansi.

Kinga ya mwili huiona figo ya mtu mwingine, hata ya ndugu wa tumbo moja, kuwa mgeni wa kushambuliwa. Dawa inayotumiwa sana kuituliza ni takrolimasi, iliyogunduliwa mwaka 1984 katika bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12, muda wote figo itakapokuwa hai. Nafasi yake ya usalama ni finyu: miezi ya mwanzo madaktari wengi hutaka nanogramu 8 hadi 12 hivi katika mililita moja ya damu. Ikipungua, kinga huamka na kuila figo. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza figo iliyokuja kuilinda, na mikono ya mgonjwa huanza kutetemeka. Ndiyo maana siku ya kipimo mgonjwa hufika kliniki na kidonge cha asubuhi kikiwa bado mfukoni. Damu hutolewa kwanza, ndipo anakimeza.

Bangi huingilia hapo. Takrolimasi huvunjwa na kimeng'enya kilichomo kwenye ini na utumbo, na kanabidioli, mojawapo ya kemikali za bangi, hukizuia kimeng'enya hichohicho, dawa ikalundikana. Tena jani lenyewe huweza kubeba ukungu wa Aspergillus. Mapafu ya mtu mwenye kinga kamili huumudu ukungu huo, lakini aliyeshushwa kinga unaweza kumuua. Sababu zote mbili ni za kweli, na zote mbili zinatibika: ya kwanza kwa kupima damu mara kwa mara na kurekebisha dozi, ya pili kwa kuacha kuvuta. Ila munganga atarekebisha nini, ikiwa mgonjwa anajua kwamba akisema ukweli jina lake litafutwa?

Mwaka 2016 watafiti wa Maryland, Marekani, walichapisha hesabu ya watu 1,225 waliopandikizwa figo, 56 kati yao wakiwa wamebainika kutumia bangi. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti kati ya makundi hayo mawili. Rekodi nyingine kubwa za nchi hiyohiyo zinaonyesha upande wa pili: waliothibitishwa kuwa na uraibu wa bangi baada ya upasuaji walipoteza figo zaidi. Nadhani hakuna mgongano. Anayevuta Jumapili na asiyeweza kuamka bila kuvuta ni wagonjwa wawili tofauti, na sheria inayowaweka kapu moja haipimi hatari yoyote. Sigara je? Inaharibu mishipa ya damu ya figo mpya, inauzwa mojamoja katika kila kona ya mji huu, na sijasikia mjomba akiiulizia kikaoni.

Wenzetu wameshapita njia hii ya kumpima mgonjwa kwa tabia zake, na si kwa fahari. Mwaka 1962, huko Seattle, mashine za kusafisha damu zilipokuwa chache, kamati ya raia saba iliwekwa kuamua nani aunganishwe. Walitazama ndoa, kipato, hata kwenda kanisani. Mwaka 2008, katika mji huohuo, mwanamuziki mwenye ugonjwa wa ini alikataliwa kwa sababu ya bangi, ingawa alikuwa akiitumia kwa idhini ya daktari kulingana na sheria ya jimbo lake. Akafa. California ilipitisha sheria mwaka 2015 inayokataza kumwondoa mgonjwa kwenye orodha kwa sababu tu ya bangi aliyoandikiwa.

Pombe ni ngumu zaidi, na kwa Kivu ndiyo yenye uzito. Kwa miaka mingi vituo vya kupandikiza ini vilidai mgonjwa akae miezi sita bila tone. Nia haikuwa mbaya: ini la mlevi huweza kupona lenyewe likipumzishwa, na kujizuia ni aina ya mtihani. Lakini mwenye homa kali ya ini ya pombe, ambaye dawa zimemshinda, mara nyingi hana miezi sita. Timu ya hospitali saba za Ufaransa na Ubelgiji, ikiongozwa kutoka Lille, ikathubutu kuwapandikiza wagonjwa 26 wa namna hiyo bila kuwasubirisha. Matokeo yalitoka mwaka 2011: baada ya miezi sita, asilimia 77 walikuwa hai, dhidi ya 23 kwa wale ambao hawakupandikizwa. Watatu walirudia pombe.

Wapinzani wataniletea George Best, na wana haki. Mchezaji yule wa Manchester United alipewa ini London mwaka 2002, akarudi baa, akafa Novemba 2005. Kila anayetaka kumnyima mlevi humtaja yeye. Lakini watu wa Lille hawakuchukua kila aliyeletwa. Walichagua wachache mno, chini ya asilimia 2 ya wenye ugonjwa huo: wenye familia inayowashika, wasio na maradhi mengine makubwa ya akili, ambao ugonjwa ule ndio uliokuwa kengele yao ya kwanza. Waliwachuja, tena kwa ukali, ila kwa kumsikiliza mtu mmoja mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo hunikera. Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2017, marehemu waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya walipanda kutoka asilimia 1 hivi ya watoaji viungo hadi zaidi ya 13. Moyo wa mraibu unakubalika, figo zake zinakubalika, mapafu yake pia. Akiwa hai na yeye akaumwa, anaulizwa tabia.

Sasa tuje kwenye kinachoua figo kweli katika mji wetu. Aliyepandikizwa Kigali akarudi Himbi au Katindo ana miadi ya damu ng'ambo ya mpaka na chupa ya vidonge isiyotakiwa kuisha. Agosti 2019, Ebola ikiwa imeshaingia Goma, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa. Machi 2020 korona ikaufunga tena. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku, watu wakakimbilia Gisenyi na Sake na walichoweza kubeba. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Dozi iliyoruka kwa sababu ya bunduki na iliyoruka kwa sababu ya kanyanga, kinga ya mwili haizitofautishi. Tukisema mtu asiye na uhakika wa kumeza dawa kila saa 12 asipewe figo, basi tuwe wakweli: tumeifuta Goma nzima, na watawa wake.

Ndiyo maana maswali ya kuuliza yangekuwa mengine. Unatumia nini, kiasi gani, tangu lini? Nani anakaa nawe jioni? Kwa pombe kipo kipimo cha damu kinachoonyesha unywaji wa wiki mbili hadi nne zilizopita, kwa hiyo hakuna haja ya kutegemea ushahidi wa mjomba. Ikionekana uraibu upo, utibiwe kwanza au sambamba, kama presha inavyotibiwa kabla ya upasuaji. Muhimbili inayopandikiza figo ndiyo ileile iliyoanza kuwapa methadone waraibu wa heroini Februari 2011; idara mbili, hospitali moja. Goma nayo ina kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu cha Frères de la Charité. Faili la mgonjwa wa figo likipitia hapo kabla ya kupelekwa Kigali, ndugu yake atakuwa na karatasi ya kusoma siku ya kikao, ikieleza mtu huyu anakunywa kiasi gani sasa, ametibiwa nini, na ni nani aliyekubali kumhesabia vidonge. Kisha aseme ndiyo au hapana. Figo ni yake.