Jembe au Dawa ya Magugu? Piga Hesabu ya Eka, Usitazame Bei ya Chupa

Palizi ya mahindi haingoji mfuko ujae. Wiki ya pili hadi ya sita baada ya mahindi kuota ndizo zinazoamua mavuno; ukichelewa, mbolea uliyonunua italiwa na magugu. Amua mapema.

Jembe. Gharama yake yote unaiona: ujira na chakula cha vibarua, mara nyingi kwa palizi mbili. Kwa aliyechanganya mahindi na maharage, ndiyo njia salama. Tatizo ni msimu ukipamba moto: vibarua wanaadimika na bei inapanda.

Glaifoseti. Inaua kila kilicho kijani, mahindi yako yakiwemo, kwa hiyo ni ya kusafishia shamba kabla ya kupanda. Inashuka hadi mizizini, ndiyo maana inafaa penye ukoka. Usiichanganye na maji ya tope, kwani udongo unaidhoofisha. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupuliza, umepoteza dawa na ujira.

2,4-D. Inaua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Inaua pia maharage na maboga. Ukiazima bomba lililotumika kwa dawa hii bila kuoshwa vizuri, nyanya zako zitajikunja na kuharibika.

Atrazini. Inavumiliwa na mahindi na mtama. Lakini inakaa udongoni. Ukipanda maharage baadaye, yanaweza kudhurika. Pia inaweza kupenya hadi kwenye maji ya kisima.

Parakwati. Inaunguza majani haraka, ila magugu ya kudumu yanachipua tena. Funda moja linaweza kuua, na sumu yake haina dawa ya kuitibu. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Hata ikiuzwa kwa bei ya chini, iache.

Sasa hesabu. Soma gramu za kiambato kwenye lebo. Tuseme, kwa dawa ya kiambato kilekile, lita ya gramu 360 inauzwa sh 12,000 na ya gramu 480 sh 14,000. Ya kwanza ni kama sh 33 kwa gramu, ya pili sh 29. Chupa ya bei kubwa ndiyo rahisi, mradi upime kipimo chake.

Kisha ongeza yasiyoandikwa kwenye chupa: kukodi bomba, mpulizaji, kuchota maji, glavu, buti, miwani na barakoa, pamoja na palizi ya mkono kwa magugu yatakayochipua baadaye. Kama huna pesa ya kinga, bado huna pesa ya dawa.

Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usiinunue. Hujui ni nini, haina kipimo, na mtoto anaweza kuinywa. Dai chupa yenye lakiri, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya usajili na risiti. Tanzania usajili unasimamiwa na TPHPA, Kenya na PCPB.

Tazama pia mstari wa rangi kwenye lebo: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Kijani nacho si ruhusa ya kupuliza kifua wazi. Kuhusu glaifoseti, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulisema mwaka 2015 kwamba huenda inasababisha saratani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikubaliani. Wakati wanabishana, wewe jikinge.

Chupa tupu isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba, kisha itoboe. Isiwekewe maji wala mafuta ya kula.

Uamuzi: eka moja yenye maharage na nguvu kazi ya nyumbani, shika jembe. Eka kadhaa za mahindi matupu na vibarua hawapatikani, nunua glaifoseti iliyosajiliwa, pulizia kabla ya kupanda, na utenge fedha ya palizi moja ya mkono. Ukibaki na shaka, muulize afisa ugani kabla hujatoa pesa, kwani muuza duka anataka chupa itoke.