Mgeni Akipotea Njia: Namna ya Kumwelekeza Kwenye Usafiri wa Umma Hadi Afike

Ndugu mkazi, yamkini umewahi kuliona tukio hili kwa macho yako. Gari dogo la abiria linasimama, konda anashusha begi kubwa la mgongoni, mgeni anateremka, na gari linaondoka likiacha vumbi nyuma yake. Mgeni anaitazama simu, anaitazama barabara, kisha anatamka jina la mahali kwa lafudhi isiyoeleweka vyema. Watu watatu wanamjibu kwa pamoja, kila mmoja akinyoosha mkono upande wake. Wote wana nia njema. Hata hivyo, baada ya saa chache mgeni huyo anaweza kujikuta mahali asipopajua, jua likizama, na gari la mwisho la kurudi limekwisha kupita.

Makala haya yanaeleza kwa nini nia njema peke yake haitoshi, na ni mambo gani mkazi wa kata anapaswa kuyajua ili neno lake limfikishe msafiri aendako.

Wageni hawa ni nani?

Wengine hudhani kwamba mtalii hana la kutafuta katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Dhana hiyo si sahihi. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo, na wapo watu wanaosafiri kutoka mbali kuja kuyaona mabaki ya historia hiyo. Nachingwea hiyo hiyo ndiyo iliyowapokea wapiganaji wa FRELIMO waliopata mafunzo hapa, katika eneo lijulikanalo kama Farm 17, kabla Msumbiji haijapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Kwa raia wa Msumbiji, jina la Nachingwea lina uzito ambao sisi wenyeji mara nyingine tunausahau.

Wapo pia wanaopita tu: anayetoka Masasi kwenda Liwale, mwanafunzi wa udaktari anayetafuta hospitali ya Nyangao au Ndanda, na Mtanzania mwenzetu kutoka Mwanza au Kigoma anayekuja kuona jamaa kwa mara ya kwanza. Huyu wa mwisho anazungumza Kiswahili kama sisi, lakini naye hupotea, kwa sababu hajui magari husimama wapi wala huondoka saa ngapi. Maelezo yafuatayo yanawahusu wote.

Jambo la kwanza: hakikisha jina

Kosa kubwa zaidi hutokea kabla mkono haujanyooshwa, pale mwenyeji anaposikia jina moja na mgeni amekusudia jingine. Katika sikio na ulimi wa mgeni, Mtua, Mtama na Mtwara hukaribiana sana. Mtwara ni mji wa pwani na makao makuu ya mkoa mwingine. Mtama ipo kwenye barabara ya kutoka Masasi kuelekea Lindi. Anayetafuta mji wa bahari akaishia kwetu amepoteza siku nzima na nauli yake.

Majina ya jirani nayo yana mtego wake. Ipo Mtua na ipo Kipara Mtua. Ipo Mnero Miembeni na ipo Mnero Ngongo. Mgeni akisema “Mnero” tu, usimpakie kwenye gari kabla hujamwuliza ni Mnero ipi na anamfuata nani. Mnazi Mmoja nayo ni jina la mahali pengi: ipo Dar es Salaam, ipo Unguja, na ipo ile ya kwetu kule Mingoyo, njia panda zinapokutana barabara za Lindi, Mtwara na Masasi. Msafiri anayekwenda Lindi akiambiwa “shuka Mnazi Mmoja”, akaitafuta kwenye ramani ya simu, ramani hiyo yaweza kumwonyesha Dar es Salaam.

Matamshi yetu ya “r” na “l” huongeza utata. Baadhi yetu hutamka Ruangwa kama Luangwa, na Luangwa ni jina la mto na hifadhi mashuhuri ya wanyama nchini Zambia. Kwa mwenyeji hilo ni jambo dogo. Kwa mgeni anayeandika jina kwenye simu, herufi moja inaweza kumpeleka nchi nyingine. Kuna pia Stesheni, hapo Nachingwea. Jina hilo linakumbusha reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga na kufungwa mapema katika miaka ya 1960. Mgeni anayeliona kwenye ramani anaweza kudhani kwamba atapata treni. Mweleze waziwazi kwamba treni haipo.

Dawa ya utata huu ni rahisi. Mwombe mgeni aandike jina, au akuonyeshe kwenye simu yake. Kisha uliza swali la pili: unakwenda kwa nani, au kufanya nini? Jina la hospitali, shule, misheni au mwenyeji wake litakuonyesha kama mmeelewana.

Jambo la pili: saa

Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Wageni wengi huhesabu tangu usiku wa manane. Tofauti baina ya hesabu hizi mbili ni saa sita kamili, na ndiyo inayowafanya wageni wengi wakose mabasi. Mwenyeji akimwambia mgeni kwamba basi linaondoka “saa kumi na mbili”, mgeni huelewa kuwa ni saa sita mchana. Huamka, hunywa chai kwa utulivu, na kufika stendi wakati basi limekwisha kuvuka mikoa.

Kanuni ni hii: ongeza au punguza sita. Saa 12 asubuhi yetu ni 6:00 yao. Saa 2 asubuhi ni 8:00. Saa 8 mchana ni 14:00. Saa 12 jioni ni 18:00. Usiitaje saa kwa mdomo peke yake. Iandike kwa hesabu zote mbili, au onyesha kwenye uso wa saa ya mgeni mahali mshale utakapokuwa.

Usiku una mtego wa ziada, nao ni siku yenyewe. Sisi tukisema “Alhamisi usiku saa nane”, mgeni huihesabu kuwa ni Ijumaa, saa 2:00, kwa sababu kwake siku mpya huanza usiku wa manane. Kwa basi la usiku au la alfajiri, taja tarehe ya siku inayokucha, na umwonyeshe tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi.

Jambo la tatu: upande wa barabara

Nchini Tanzania magari hupita kushoto. Vivyo hivyo Kenya, Uganda, Zambia, Msumbiji na Uingereza. Lakini Ujerumani, Ufaransa, Marekani na hata majirani zetu Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Mgeni kutoka nchi hizo, akiambiwa asubiri gari la Masasi, kwa mazoea yake atasimama upande usio wake, na atashangaa magari yanapompita upande wa pili. Isitoshe, akivuka barabara hutazama kwanza upande ambao gari halitokei, na hilo ni hatari kwa maisha yake. Kwa hiyo usimwelekeze kwa maneno tu. Mvushe, msimamishe mahali hasa gari linaposimama, na umwonyeshe upande litakakotokea.

Jambo la nne: umbali na mahali pa kubadili gari

“Si mbali” na “hapo mbele tu” ni maneno ya faraja, lakini hayana kipimo. Mtu aliyezoea kwenda shambani kwa mguu na mtu aliyebeba mzigo wa kilo ishirini mgongoni hawana “karibu” moja. Taja muda kwa gari au kwa mguu, na taja alama isiyohama: daraja, kanisa, msikiti, shule, mnara wa simu. Mwembe ulio mbele ya duka la fulani ni alama nzuri kwako, lakini si kwa mtu asiyemjua fulani.

Safari nyingi za kutoka huku huhitaji kubadili gari, na hapo ndipo wageni hupotea tena. Anayekwenda Songea kwa njia ya Tunduru hubadilia Masasi. Anayekwenda Msumbiji kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, hupitia Masasi na Mangaka hadi Mtambaswala. Anayekwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, atumie gari la njia ya Dar es Salaam, ashuke Nangurukuru, atafute gari la Kilwa Masoko, kisha avuke kwa chombo cha baharini. Asipoambiwa kuhusu Nangurukuru, atalala usingizi na kuamkia Kibiti. Anayeuliza Tendaguru, kilima ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, aelekezwe kwanza Lindi mjini, akapate mwongozo huko kabla ya kuingia porini.

Kikaratasi cha msafiri

Njia iliyo bora kuliko zote haihitaji Kiingereza wala simu ya gharama. Chukua kipande cha karatasi, uandike kwa herufi kubwa mambo matano: mahali anapokwenda, aina ya gari na maneno yaliyoandikwa kwenye kioo chake, mahali pa kushuka au kubadili, saa ya kuondoka kwa hesabu zote mbili, na nauli. Mgeni atamwonyesha konda karatasi hiyo, na konda atamwonyesha konda wa gari linalofuata. Maneno ya mdomo husahaulika gari linapoanza kutikisika. Karatasi humfuata msafiri mpaka mwisho wa safari. Kisha zungumza na konda mbele ya mgeni, umkabidhi kwa uwazi: “Huyu anashuka mahali fulani, tafadhali mshushe hapo.”

Nauli na uaminifu

Nauli za mabasi na daladala husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA kwa upande wa usafiri wa nchi kavu. Nauli hiyo haina rangi wala uraia: mgeni hulipa sawa na mwenyeji, na ana haki ya kupewa tiketi. Kwa bodaboda na bajaji, bei hutokana na makubaliano. Msaidie mgeni kukubaliana kabla ya kupanda, si baada ya kufika. Aliyetozwa mara tatu hatalalamika hapa kijijini. Atalalamika kwao, na jina litakalochafuka ni la eneo letu zima, pamoja na mama lishe, mwenye nyumba ya wageni na dereva mwaminifu ambao wangefaidika na wageni watakaofuata.

Pale usipojua, na pale giza linapoingia

Mila zetu hutufanya tuone aibu kumwambia mgeni “sijui”. Matokeo yake, wengine hunyoosha mkono popote ili wasionekane wamekataa kusaidia. Ndugu mkazi, “sijui, lakini twende tukamwulize mwenzangu” ni msaada kamili. Jibu la kubahatisha ni hasara kwa anayelifuata.

Watoto wasiachwe kumsindikiza mtu wasiyemjua kwenda mbali na nyumbani. Mtu mzima ndiye achukue jukumu hilo. Mgeni wa kike aliye peke yake ni vyema akabidhiwe kwa mama anayefanya biashara kituoni. Usichukue simu wala pasi yake ya kusafiria na kuondoka nayo, hata kama unakwenda kuuliza kwa niaba yake. Na iwapo gari la mwisho limekwisha kupita, usimshauri aanze safari ya usiku kwa bodaboda katika njia asiyoijua. Mpeleke kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu, au kwa Mtendaji wa Kijiji au Mwenyekiti wa Kijiji, ili ajulikane yuko wapi na asafiri kesho yake mapema. Palipo na hatari au ugonjwa, namba ya dharura ya Polisi ni 112.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakuji kwa bahati. Huja pale msafiri anapofika salama, akawaeleza wenzake kwamba aliuliza njia kwa watu wasiomjua, nao wakamwandikia karatasi, wakamvusha barabara na kumkabidhi kwa konda. Kazi hiyo huchukua dakika kumi na haihitaji fedha. Tunawaomba wakazi, na hasa wenye vibanda kituoni, madereva wa bodaboda na makonda, wawe na kalamu na karatasi karibu nao. Na pale penye tatizo lisilowezekana kumalizwa kituoni, walifikishe kwenye ofisi ya Mtendaji wa Kata.