Muvi imekwisha, mtoto hataki kwenda chooni peke yake

Siku ukiingia kibanda umiza cha Tunduma jioni na muvi ya kutisha ikawa inachezwa, usiangalie runinga. Geuka utazame mabenchi. Utingo wa lori linalosubiri kuvuka kwenda Zambia kakunja miguu juu ya benchi. Dada kajifunika kitenge usoni, lakini kaacha upenyo wa jicho moja. Wa nyuma anampigia kelele stelingi: "Usiingie humo!" Stelingi anaingia, yowe linapigwa, na sekunde chache baadaye wote wanaangua kicheko.

Kicheko kile hakina dharau ndani yake. Macho yakiona hatari, amigdala, kisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi, hupiga mbiu kabla akili haijapata nafasi ya kukumbusha kwamba damu ile ni rangi tu. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa. Hatari ikipita, mwili haupoi papo hapo. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko uliosalia huhamia kwenye hisia inayofuata na kuikuza, ndiyo maana afueni ya baada ya woga huwa tamu mno. Tamthilia ya sizoni humnyima mtazamaji afueni hiyo: kipande kinakatika jini angali mlangoni, na mtu analala na mwili uliojiandaa kukimbia.

Halafu woga huota vizuri pale unapokuta udongo wake. Mussa Banzi alipotoa filamu ya Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, jina peke yake lilitosha kumsisimua mtu wa Nyanda za Juu Kusini, maana majirani zetu Wanyakyusa huwaita wafu wao abasyuka. Miaka ileile, mkoa wetu wa Songwe ukiwa bado sehemu ya Mbeya, watu wa huku waliishi na habari za binadamu kuuawa na kuchunwa ngozi. Aliyekua katikati ya habari hizo halioni panga la kwenye runinga kwa jicho la mgeni. Tusimwite mshamba.

Hata Waingereza yaliwakuta. Tarehe 31 Oktoba 1992 BBC ilionyesha Ghostwatch, mchezo wa mizimu uliorekodiwa kabla lakini ukapangwa uonekane kama matangazo ya moja kwa moja, na mtangazaji Michael Parkinson, waliyemzoea na kumwamini, akiwa ndiye mwenyeji. Simu za walioingiwa na hofu na za wenye hasira zilimiminika. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la BMJ lilieleza habari za wavulana wa miaka 10 waliotaabika kwa hofu baada ya kuutazama.

Kwa watoto, utafiti wa Joanne Cantor unatufaa sana wazazi. Mtoto wa chini ya miaka 7 ukimwambia "si kweli, wanaigiza," humsaidii sana, kwa sababu kwake alichokiona ndicho kilichopo. Mshike mkono, mpeleke chooni, acha taa iwake, lala naye karibu. Akifika miaka 8 hivi, maelezo huanza kumwingia: mweleze damu inavyotengenezwa, na kwamba yule aliyechinjwa yuko kwake anakula ugali. Ila kamwe usimcheke. Mtoto aliyechekwa haachi kuogopa, anaacha kusema. Usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, mpeleke hospitali kama ambavyo ungempeleka kwa homa.

Bodi ya Filamu Tanzania hupanga filamu kwa umri, lakini mlangoni pa kibanda huwa hayupo wa kuuliza umri. Ninyi wenye vibanda wa Tunduma, Mlowo na Vwawa ndio mliobaki. Kabla hamjawasha muvi ya kutisha usiku, tazameni benchi la mbele, na watoto mtakaowakuta pale warudisheni nyumbani.