Istilahi za Mchezo kama Kielelezo cha Urithi: Mfano wa Camanachd ya Wagaeli

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili urithi wa camanachd, mchezo wa mpira wa magongo wa Wagaeli wa Uskoti, ambao Waingereza huuita shinty. Hoja yetu ni kwamba istilahi za mchezo huu zimehifadhi historia ambayo mipaka ya kisiasa imeifunika.

2.0 Istilahi na Asili Yake

Gongo la mchezo huitwa caman. Mzizi wake ni cam, yaani '-liopinda', kwa kuwa ncha ya gongo hilo imepinda. Kiambishi tamati -achd huunda nomino dhahania, kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na kiambishi awali u-, kama katika utoto. Jina jingine la mchezo, iomain, lina pia maana ya kuswaga mifugo. Mchezaji huuswaga mpira kama mchungaji aswagavyo ng'ombe.

Kiayalandi nacho kina camán na iománaíocht, istilahi za mchezo uitwao hurling kwa Kiingereza. Mfanano huu si wa sadfa, kwani lugha hizi mbili zina chimbuko moja. Hata camogie, mchezo wa wanawake wa Ayalandi, umepata jina kutokana na camóg, gongo dogo.

3.0 Urasimishaji

Awali vijiji vilipambana, hasa Mwaka Mpya, bila idadi maalumu ya wachezaji. Chama cha michezo ya Kigaeli cha Ayalandi kiliundwa mwaka 1884, na kile cha camanachd mwaka 1893. Kanuni zikaachana: Waskoti huchezesha watu 12 kila upande, na mlinda mlango pekee ndiye aruhusiwaye kutumia mkono, Waayalandi huchezesha 15, nao huudaka mpira. Hata hivyo, timu za taifa zimekuwa zikikutana kwa kanuni za mseto.

4.0 Hitimisho

Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha hurling na camogie kama urithi wa Ayalandi. Camanachd haikuwamo, ijapokuwa gongo lina jina lile lile. Aidha, wengi walitamkao neno caman uwanjani hawasemi Kigaeli. Istilahi yaweza kudumu huku lugha iliyoizaa ikififia. Asiyejua kwamba iomain ni kuswaga amerithi sauti, hakurithi maana. Kwa hiyo, uhifadhi wa mchezo huu hauna budi kuandamana na ufundishaji wa lugha yake.