Mtoto Asipoelewa Masomo: Nani Hufanya Nini katika Shule za Kata ya Kagongwa

Mtoto wa darasa la pili huketi dawati la nyuma. Mwalimu akimwita, hageuki. Akiambiwa afungue ukurasa fulani, huchungulia kwanza daftari la jirani yake. Mwaka wa kwanza huitwa mzito, mwaka wa pili huitwa mvivu, na afikapo darasa la nne, huenda nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Kumbe sikio lake limekuwa likitoa usaha tangu alipokuwa na umri wa miaka mitatu, na sauti ya mwalimu humfikia nusunusu.

Mtoto wa namna hii anaweza kuwamo katika shule yoyote. Hatari iliyo mbele yake si kupata alama ndogo tu. Mtoto anayeamini kwamba hana akili huacha shule mapema, na katika ukanda huu wenye mashamba ya mpunga, mashine za kukoboa na machimbo ya dhahabu, hakosi mtu wa kumpa kazi. Kwa sababu hiyo ni muhimu kila mzazi na mlezi awafahamu watumishi ambao kazi yao ni kutafuta kwa nini mtoto hajifunzi, kabla hajapewa jina litakalomfuata maisha yake yote.

Chimbuko la kazi hii

Katika nchi kadhaa kazi hiyo hufanywa na mtaalamu anayeitwa mwanasaikolojia wa elimu. Historia yake ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1905, jijini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi darasani. Binet hakukusudia kipimo hicho kiwe hukumu ya kudumu juu ya akili ya mtoto. Alitaka kionyeshe ni nani asaidiwe. Mwaka 1913 Baraza la Jiji la London lilimwajiri Cyril Burt kuwa mwanasaikolojia wa shule zake. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1984 kufungua vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza katika shule zinazowafaa.

Nchini Tanzania, saikolojia ya elimu hufundishwa vyuoni, ikiwa ni pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila mwalimu hujifunza misingi yake. Hata hivyo, si kawaida kumkuta mtumishi mwenye cheo cha mwanasaikolojia wa elimu akizunguka katika shule za kata. Kazi yake imegawanywa kwa watumishi kadhaa wa halmashauri, kila mmoja akishika sehemu yake. Mgawanyo huo una faida, kwa kuwa watumishi hao wako karibu na mwananchi. Una hasara pia: mzazi asiyejua nani anashika sehemu ipi huzungushwa, au hukata tamaa kabla hajafika anapopaswa kufika.

Watumishi wenyewe

Wa kwanza ni mwalimu wa darasa. Ndiye anayemwona mtoto kila siku, na ndiye mwenye kumbukumbu za mahudhurio, madaftari na mazoezi. Hana mamlaka ya kutamka kwamba mtoto ana ulemavu fulani. Wajibu wake ni kuona dalili, kuziandika na kuzifikisha kwa mwalimu mkuu.

Wa pili ni mwalimu wa malezi na unasihi. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitoa mwongozo wa huduma za malezi, unasihi na ulinzi wa mtoto kwa shule na vyuo vya ualimu. Mwalimu huyu humsikiliza mtoto mwenye hofu, huzuni, hasira au tatizo la nyumbani linalomzuia kusoma. Unasihi si mahubiri wala karipio. Ni mazungumzo ya faragha ambamo mtoto hupewa nafasi ya kusema, na mwalimu husikiliza zaidi kuliko anavyosema. Kwa kuwa yapo mambo ambayo msichana hawezi kumweleza mwalimu wa kiume, inafaa shule iwe na mnasihi wa kike na wa kiume.

Wa tatu ni mwalimu wa elimu maalum. Huyu amesomea kuwafundisha watoto wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili, wenye usonji na wenye matatizo ya kujifunza. Wengi wa walimu hao hupitia Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Shule isiyokuwa na mwalimu wa aina hii inaweza kuomba ushauri kupitia ofisi ya elimu.

Wa nne ni Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu Maalum wa halmashauri. Wa kwanza huunganisha shule za kata na makao makuu ya Manispaa ya Kahama. Wa pili huratibu ubainishaji na upimaji wa watoto wenye mahitaji maalum, na hushauri mtoto asomee wapi: katika darasa la kawaida akiwa na msaada, katika kitengo maalum, au katika shule ya bweni. Mfano unaofahamika mkoani Shinyanga ni Shule ya Msingi Buhangija, ambayo imewapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino.

Wa tano ni afisa ustawi wa jamii. Huingia pale ambapo chanzo cha tatizo kipo nje ya darasa: mtoto anapigwa, ametelekezwa, anatumikishwa, au analelewa na bibi asiyejiweza. Wa sita ni watumishi wa afya, kuanzia zahanati hadi hospitali, ambao hupima macho, masikio na maradhi mengine.

Uchunguzi unavyofanyika

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto hupewa mtihani mmoja, kisha hutangazwa kuwa ana akili au hana. Sivyo inavyotakiwa. Uchunguzi mzuri huanza na mambo mepesi, kisha huendelea na yaliyo mazito.

Kwanza hutazamwa mahudhurio. Mtoto aliyekosa shule wiki sita kwa kuamia ndege katika mpunga hawezi kusemwa kwamba ameshindwa hesabu; hakuwepo zilipofundishwa. Pili hupimwa macho na masikio. Macho huweza kupimwa kwa chati ya herufi mtoto akiwa amesimama umbali wa mita 6. Tatu mzazi huulizwa historia ya mtoto: alizaliwaje, alianza lini kutembea na kusema, aliwahi kuugua degedege au malaria kali, nyumbani hutumia lugha gani. Nne mwalimu hukaa na mtoto na kutazama anavyosoma, anavyoandika na anavyohesabu, ili ajue ni hatua ipi hasa inayomshinda.

Baada ya hapo mtoto hupewa rufaa panapohitajika, na walimu pamoja na mzazi huandaa mpango wa kujifunza unaomhusu yeye peke yake. Mpango huo hutaja mambo machache yanayotekelezeka: aketi dawati la mbele, aandikiwe kwa herufi kubwa, apewe zoezi fupi kuliko wenzake, arudie silabi kwa muda fulani kila siku. Baada ya muhula mpango huangaliwa upya. Usipozaa matunda hubadilishwa, na mtoto halaumiwi.

Sababu zinazostahili kuangaliwa katika eneo hili

Ya kwanza ni lugha. Watoto wengi hufika darasa la awali wakizungumza Kisukuma, na Kiswahili cha shuleni huwa kigeni kwao. Mtoto anayenyamaza miezi ya mwanzo anaweza kuwa hana tatizo lolote, bali anajifunza lugha ya pili. Njia ya kutofautisha ni kumwuliza mzazi: je, akiwa nyumbani husimulia hadithi, hutumwa akaleta kitu, hucheza na wenzake bila shida? Akifanya hayo yote kwa Kisukuma, anahitaji muda na mwalimu mvumilivu, hahitaji rufaa.

Ya pili ni malaria kali. Malaria inayopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto upungufu wa kumbukumbu, wa usemi au wa umakini hata baada ya kupona. Mzazi asimfiche mwalimu habari hiyo.

Ya tatu ni kifafa. Si kila kifafa humwangusha mtoto. Ipo aina ambayo mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache, haitiki akiitwa, kisha huendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Jambo hilo likijirudia mara nyingi kwa siku, hupoteza sehemu kubwa ya somo, na mwalimu humdhania mzembe. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi, na kwa wagonjwa wengi hutulizwa kwa dawa zinazotumiwa bila kukatizwa. Kumficha mtoto ndani au kumhangaisha kwa tiba za ramli humpotezea miaka ambayo haitarudi.

Ya nne ni zebaki. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, zebaki huchanganywa na mchanga ili kunasa dhahabu, kisha huchomwa. Moshi wake hauonekani kwa urahisi, lakini ni sumu inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto unaokua, hata ule wa mtoto aliye tumboni, ndio unaodhurika zaidi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini na hatari ya zebaki kwao, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kudhibiti matumizi yake. Dhahabu isichomwe jikoni wala chumbani wanapolala watoto, na watoto wasipelekwe mialoni kusaidia kazi.

Haki za mtoto na mipaka ya huduma

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi dhidi ya mtoto na inakataza kazi zenye madhara kwake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata elimu. Kwa hiyo shule haipaswi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu tu hajifunzi kama wenzake.

Yapo pia manufaa katika mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa. Haya hayapatikani siku ya mtihani. Hutegemea mtoto kuwa ametambuliwa na taarifa zake kupelekwa mapema. Mzazi anayesubiri hadi darasa la saba huwa amechelewa.

Ni vema kusema pia yale ambayo huduma hii haiwezi. Afisa wa halmashauri ana shule nyingi za kuhudumia, na hawezi kuingia kila darasa kila wiki. Mwalimu wa unasihi anafundisha vipindi kama wenzake. Yapo matatizo ambayo hayaponi, na kwa mtoto huyo mafanikio ni kujifunza kujitegemea, si kushika nafasi ya kwanza. Mzazi asitarajie jibu siku ile ile, lakini ana haki ya kuuliza hatua gani imefikiwa, na kuuliza tena.

Mambo anayosema mtoto kwa mnasihi hutunzwa kwa siri, na hayafai kuzungumzwa katika chumba cha walimu wala gengeni. Siri hiyo ina mpaka mmoja: mtoto akiwa katika hatari ya kudhuriwa au kujidhuru, mnasihi analazimika kutoa taarifa kwa wanaoweza kumlinda.

Mahali pa kuanzia

Mzazi au mlezi mwenye wasiwasi aanze kwa mwalimu wa darasa, akiwa na madaftari ya mtoto na kadi yake ya kliniki ikiwa bado ipo. Asiporidhika aende kwa mwalimu mkuu, kisha kwa Afisa Elimu Kata. Mtoto mwenye usaha sikioni, asiyeona vizuri au anayepatwa na degedege apelekwe zahanati mara moja, bila kusubiri barua ya shule. Mtoto anayefanyiwa ukatili, taarifa zake zipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au zitolewe kwa kupiga simu namba 116, ambayo haitozwi malipo.

Jirani naye ana sehemu yake. Mtoto aliyefungiwa ndani kwa sababu ya ulemavu hawezi kuandikwa na mwalimu asiyejua kwamba yupo. Mwenyekiti wa mtaa akielezwa, anaweza kufikisha habari hizo katani, na jina la mtoto huyo likaingia katika orodha ya wanaotakiwa kuanza shule. Na yule wa dawati la nyuma, akihamishwa mbele na sikio lake likatibiwa, huenda muhula ujao akasikia jina lake likiitwa, akageuka.