Mama Anayenyonyesha na Mafua ya Mavumbi

Mama mpendwa, huku Kivu, tangu mwezi wa 6 hata mwezi wa 8, mavumbi ni mengi. Pua inatiririka, macho yanawasha, unapiga chafya. Pengine jirani atakuambia: "Maziwa yako yameharibika, mwachishe mtoto." Usimsikilize! Mafua ya mavumbi hayaambukizi, wala hayaharibu maziwa. Endelea kunyonyesha.

Fanya hivi: Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Safisha pua kwa maji ya chumvi: kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupoa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi.

Ukihitaji dawa, mwambie mwuguzi kwanza ya kuwa unanyonyesha. Setirizini au loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku, kwa kawaida hakimdhuru mtoto. Lakini prometazini inaweza kumletea mtoto usingizi mzito, na pseudoefedrini hupunguza maziwa. Basi usimeze kidonge cha sokoni usichokijua jina lake.

Ukipata homa, au kifua kikilia na pumzi ikawa fupi, usingoje kesho. Njoo hospitali, pamoja na mtoto wako.